Kichana cha AC kimenisaidia
Leo nimeshinda uani na AC yetu. Fundi aliyeiosha mara ya mwisho alisogeza mashine ya presha karibu mno, vibati vya alumini vya boksi la nje vikalala upande mzima. Vikilala hivyo hewa haipiti, joto halitoki, kompresa inahangaika na luku inaisha. Kwa joto la Dar mwezi wa pili mnaelewa.

Nimenunua kichana chake cha kunyooshea vibati, kile cha plastiki chenye vichwa tofauti. Hapa muwe makini: meno lazima yalingane na idadi ya vibati kwa inchi, mfano 12 au 14. Yasipolingana yanavirarua. Zima umeme kwenye breka, vaa glovu (vinakata kama wembe), piga brashi, kisha anzia palipo sawa na ushuke taratibu kufuata mstari. Palipobonyea sana nilitanguliza kisu butu, mbali na mabomba ya gesi. Vilivyoliwa na chumvi ya bahari viacheni, vinakatika.

Sasa boksi linatoa hewa ya moto kweli kweli na chumba kinapoa haraka. Nimefurahi mno! Mlioko Kigamboni, kichana naazimisha.