Benzi la Shirika

Mwaka 2011 nilikuwa nakaa Tabata, na kila Jumamosi uani kwangu walikuwepo watu watatu wamezunguka Mercedes-Benz 280 SE kuukuu: mimi, fundi wangu, na mzee mmoja ambaye hakuna aliyemwalika.

Alianza kwa kusimama getini. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, anaendelea kulitazama gari mikono ikiwa nyuma, kisha anaondoka zake. Nilimchukulia kuwa mmoja wa wale wazee ambao wakiona boneti imefunguliwa hawawezi kupita. Siku moja akaingia mpaka ndani, akaniuliza, "Mwanangu, kiti cha nyuma umekibadilisha?" Nikamwambia hapana, nimekivalisha kava tu. "Basi vua kava upande wa kushoto, uangalie egemeo la mkono. Kuna tundu la sigara."

Tukavua. Tundu lilikuwepo, duara kabisa, ukingo wake umeungua ukawa mgumu.

"Sigara ya bosi," akasema. "Hii gari nimeiendesha mimi."

Kuanzia hapo kiti cha plastiki kikawa kinatolewa mapema, kabla hata ya spana.

Gari lilitokea shirika la umma. Mashirika yalipobinafsishwa miaka ya 1990, magari yake mengi yaliishia kwenye minada, na hili lilinunuliwa na mtu wa Kinondoni aliyeliendesha mpaka likamshinda, akaliegesha chini ya mwembe. Alipofariki watoto wake wakaniuzia kwa bei ya pikipiki, wakafurahi kupata nafasi ya kujenga vyumba vya kupangisha. Aina hiyo Mercedes waliitambulisha kwenye maonyesho ya Frankfurt Septemba 1979 na kuendelea kuitengeneza hadi 1991, ingawa 280 SE yenyewe iliishia 1985. Langu lilikuwa la 1983. Silinda sita, cc 2,746, nguvu za farasi 185, na swichi za kurekebishia viti zimewekwa mlangoni zikiwa na umbo la kiti chenyewe, ili hata mheshimiwa asiyejua kusoma Kijerumani asipotee. Dashibodi ilikuwa na mbao ya zebrano yenye mistari. Mti huo unaota Gabon na Cameroon. Ulivuka bahari kwenda Sindelfingen kuchongwa, ukarudi Afrika kupasuliwa na jua la Dar es Salaam. Mwaka 1983 huohuo wananchi walikuwa wanapanga foleni ya petroli na sabuni. Waliopanda magari kama hayo waliitwa Wabenzi, na halikuwa jina la sifa.

Siku za kazi nilikuwa mhasibu mwenye mikono safi. Wikendi nilikuwa mshika tochi wa fundi. Tangi tulilishusha likatapika kutu na majani. Kalipa za breki za mbele zilikuwa zimeganda. Panya walikuwa wametafuna waya za taa za nyuma, na sehemu za kupigia jeki zilikuwa zimeliwa kiasi kwamba jeki iliingia ndani ya bodi badala ya kuinyanyua. Tukakata, tukachomelea bati jipya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu. Hizo zote ni kazi za kuchosha tu, unazifanya zinaisha.

Kisichoisha kilikuwa injini. Asubuhi ikiwa baridi, ukigusa ufunguo imeshawaka, inanguruma polepole bila misi. Tembea nayo mpaka ipate joto, izime kidogo, halafu jaribu kuiwasha tena. Stata inazunguka, betri inalia, injini haishiki. Subiri saa nzima au zaidi inawaka bila kinyongo. Ilinifanyia hivyo kwenye kituo cha mafuta Buguruni, foleni imejaa nyuma yangu. Vijana wakaja mbio, "Tusukume, bosi!" Nikawaambia ni otomatiki, hata mkiisukuma mpaka Ilala haitawaka. Wakaniweka pembeni, nikawapa ya soda, nikakaa ndani na vioo chini nikisubiri Benzi lipoe, huku makonda wa daladala wakinipungia mkono: "Mheshimiwa, vipi leo?"

Fundi alibadilisha plagi. Akabadilisha koili. Stata tukaitoa, tukaisafisha, tukairudisha. Akaleta na dawa ya mafundi wote wa mjini, yaani kitambaa kilicholowa maji kufunikia paipu za mafuta injini inapokuwa ya moto, na kweli mara nyingine kilisaidia, jambo ambalo lilituchanganya zaidi. Mwishowe akanitolea hukumu.

"Kaka, tung'oe huu mtambo wote. Tufunge kabureta ya Nissan. Utapeta."

Mtambo wenyewe, wa kupeleka petroli kwenye injini, ni K-Jetronic ya Bosch. Humo ndani hakuna kompyuta ya kupima mafuta. Kuna sahani inayonyanyuliwa na hewa inayovutwa na injini, na sahani hiyo inasukuma pini inayogawa petroli kwenda kila silinda. Kwa jicho la fundi aliyezoea Toyota, ni kisahani cha chuma chenye paipu sita juu zinazotawanyika kila upande, na geji ya kuipima hana. Simlaumu. Benzi nyingi za mjini zilishafungwa kabureta kwa sababu hiyohiyo, na zinatembea. Ila nilishapanda moja ya jamaa yangu: ikipanda mlima inajikokota, ndani kunanuka petroli, na tangi linakauka ukiwa njiani. Nikamwambia fundi asubiri kidogo. Akaitikia "sawa kaka" kwa sauti ya mtu ambaye ameshaongea na muuza kabureta wa mtaa wa Gerezani.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunakunywa chai na maandazi, fundi akirudia hoja zake za kabureta. Mzee alikuwa kimya. Halafu akaweka kikombe chini.

"Hii haijawahi kuwaka ikiwa ya moto," akasema. "Hata kwenye shirika, miaka ile ya mwisho, ilikuwa hivihivi."

Fundi akamgeukia. "Sasa mzee ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa siizimi."

Akatusimulia taratibu, na kadiri alivyoendelea ndivyo alivyozidi kucheka mwenyewe. Bosi akiingia mkutanoni Karimjee au Diamond Jubilee, madereva wengine wanazima magari, wanakwenda kukaa kivulini kucheza bao. Yeye anabaki ndani, injini inanguruma, kipoozeo kinafanya kazi, saa mbili, saa tatu. Wenzake wakasema huyu anaringa. Bosi akitoka anakuta gari la baridi, anafurahi, anawaambia mabosi wenzake kwamba dereva wake anajua kazi. Baada ya muda madereva wa mashirika mengine nao wakaanza kuacha magari yao yakinguruma nje ya mikutano, maana mabosi wao walishaanza kuuliza mbona wao hawapoozewi.

"Magari yao mazima kabisa!" Mzee akajifuta machozi kwa ncha ya shati.

Nikamuuliza kwa nini hakuripoti karakana. Akanitazama kwa huruma, mtoto wa ofisini asiyejua maisha.

"Mwanangu, niseme gari ni bovu? Ingeingizwa karakana ikae miezi inasubiri spea, na fedha za kigeni hakuna. Mimi wangenirudisha kwenye pikapu ya kusambaza barua. Posho ya safari imekwenda, suti ya dereva imekwenda."

Siku moja tu ndiyo alikaribia kuumbuka. Msafara ulikuwa unapita, trafiki akamwamuru azime. Alizima. Msafara ulipopita, bosi amekaa nyuma na jasho linamtoka, yeye alifungua boneti akajifanya anaangalia oili, akaichomoa ile fimbo ya kupimia, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena. Kisha akarudi kwenye usukani.

"Nikafanya ujanja wangu. Unafungua swichi, hupigi stata. Unafunga. Unafungua tena. Unafunga. Unafanya hivyo mara nyingi, halafu ndiyo unapiga. Siku nyingine inakubali, siku nyingine inakataa. Siku ile Mungu alinisaidia."

Mimi nilikuwa bado nacheka, fundi hakucheka. Alikuwa ameshika andazi halili.

"Mzee, rudia hapo. Unafungua swichi bila kupiga stata?"

"Ndiyo. Ukisikiliza vizuri, nyuma huko unasikia 'vuu', halafu inakata."

Fundi akainuka, akaenda kufungua swichi, akaniambia nisimame karibu na gurudumu la nyuma la kulia. Ni kweli, chini kulisikika mvumo mfupi wa pampu, kama sekunde moja, kisha kimya. Kila ukifungua swichi pampu inasukuma kidogo. Ina maana mzee, bila kujua, alikuwa anajaza presha ya mafuta kwa mkono, sekunde mojamoja. Na kama presha inahitaji kujazwa, maana yake huwa inavuja.

Kwenye mfumo ule, presha ikiwa kazini ni kama baa tano, na pembeni ya pampu kuna kikopo cha chuma chenye kiwambo na springi ndani. Kazi ya kikopo hicho ni kushikilia presha gari likishazimwa. Presha ikikaa, petroli iliyomo kwenye paipu juu ya injini ya moto haichemki. Ikishuka, petroli inageuka mvuke, na ukipiga stata nozeli zinapata mvuke badala ya mafuta. Gari likiwa baridi hakuna mvuke, kwa hiyo halina tatizo. Kitambaa cha maji kilikuwa kinasaidia kwa sababu hiyohiyo. Fundi alinieleza haya yote akiwa ameshalala kifudifudi anatafuta jeki.

Tukaliwasha, tukaliacha lipate joto, tukalizima, tukapiga jeki nyuma, tukaweka stendi, maana chini ya Benzi la tani moja na nusu hulali kwa kutegemea jeki. Fundi akafungua kifuniko cha pampu. Matope ya miaka yote yakamdondokea usoni. Ndani kulikuwa na pampu, chujio, na kile kikopo, na nyuma ya kikopo kimpira chembamba kinachorudi upande wa tangi.

"Huku nyuma kunatakiwa kuwe kukavu," akasema. "Kiwambo kikiwa kizima, petroli haifiki huku. Kaka, jiko!"

Mke wangu alikuwa ameinjika maharage kwenye jiko la mkaa, hatua chache kutoka pale. Tukalibeba na sufuria yake mpaka kwa jirani, mzee akiwa nyuma yetu na mfuniko. Maharage yale yaliivia huko, na nusu yake ililiwa hukohuko.

Tuliporudi fundi alikilegeza kibano kwa bisibisi, akakichomoa kimpira. Petroli ikatiririka, ikamshukia kwenye kiganja, ikateremka mpaka kwenye kiwiko na kuingia ndani ya mkono wa ovaroli. Akaachia kimpira kidogo kupita kiasi, nadhani kwa furaha tu.

"Kimepasuka!" akapiga kelele kutoka chini. "Mzee, kimepasuka tangu enzi za Mwinyi!"

Kikopo hicho hakikupatikana Kariakoo wala Gerezani. Tulikipata kupitia mfanyabiashara anayeleta spea zilizotumika kutoka Sharjah, ambaye alituletea kwanza cha gari lingine, tukagombana naye, akaleta chenyewe. Tukafunga na valvu mpya ya pampu na washa mpya za shaba, kwa sababu washa ya shaba ukiirudia inavuja. Habari ya kabureta fundi hakuitaja tena, wala mimi sikumkumbusha.

Siku ya kulijaribu tulikwenda Kibaha, mzee kwenye usukani. Sikumwomba, alifika amevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vyeusi, sasa ungemnyima vipi? Aliendesha akiwa wima, mikono yote miwili juu, akimpisha kila mtu. Tukaegesha penye wachoma mishkaki. Akafika kwenye swichi, akasita, akanitazama.

"Zima, mzee."

Akazima. Tulikula bila haraka. Fundi alikuwa anaangalia simu kila mara, akitaka ipite robo saa, kisha ipite na nyingine. Tukarudi ndani. Mzee hakufanya ujanja wake. Alipiga stata moja kwa moja na injini ikashika papo hapo.

"Kiliuzwa shilingi ngapi hicho kikopo?" akauliza tukiwa barabarani.

"Laki mbili na nusu, mzee, pamoja na usumbufu."

Akawa kimya mpaka tukapita Kibamba. "Fundi, gari hii ikikaa inanguruma, na kipoozeo, inakunywa kiasi gani?"

"Lita mbili kwa saa. Labda zaidi."

Nikamwona kwenye kioo anapiga hesabu, midomo inacheza. Vikao vya bodi, semina, misiba ya wakubwa, mapokezi ya uwanja wa ndege.

"Hii hesabu tuiache," akasema.

"Kwani watakudai, mzee?" fundi akamjibu. "Shirika lenyewe lilishakufa. Hebu punguza mwendo, kuna kitu kinagonga huku nyuma. Hiyo ni bushi ya difu. Jumamosi ijayo tunaishusha."