Jina la Mchoma Mkaa

Nilipokuwa nasoma Göttingen, Ujerumani, nilipanga chumba kwa mzee mmoja, mhasibu mstaafu, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa Köhler, yaani mchoma mkaa. Alipojua kwamba nimekulia Handeni, ambako mjomba wangu aliendesha maisha kwa kazi hiyohiyo, alishikilia kwamba lazima tufuatane hadi Hasselfelde, katika milima ya Harz, ambako matanuri ya zamani yalikuwa bado yanawashwa.

Tulikuta tanuri limekwisha kushika moto. Magogo yalikuwa yamesimamishwa kulizunguka tundu la katikati, yakafunikwa kwa matawi ya misonobari, kisha kwa udongo uliochanganyika na vumbi la mkaa. Mjomba hulaza magogo yake chini, wala misonobari hana. Lakini kazi aliyokuwa akiifanya yule Mjerumani, ya kutoboa vijitundu ubavuni mwa tanuri na kuviziba tena huku akiutazama moshi, niliweza kuieleza kabla hajafungua kinywa. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka katika kuni, na ukishakuwa mwepesi wenye rangi ya buluu, basi mkaa wa upande huo umeiva. Mzee Köhler, ambaye sidhani kama aliwahi kushika shoka, alitikisa kichwa akacheka.

Tulipoketi kunywa kahawa, ilikuwa zamu yake kunifundisha. Tangu karne ya 12 miji ya Ujerumani ilizidi kujaa watu wenye majina machache ya ubatizo, akina Johannes na Heinrich wasiohesabika, hata waandishi wa kodi na hati za ardhi wakalazimika kuongeza kazi ya mtu, au mahali alikotoka, ili kuwatofautisha. Baadaye watoto wakalirithi jina hata kama kazi hawakuirithi. Harz ilihitaji wachoma mkaa wengi, kwa kuwa fedha, shaba na risasi za machimbo kama Rammelsberg, yaliyofungwa mwaka 1988 baada ya zaidi ya miaka 1,000, ziliyeyushwa kwa mkaa wa miti. Hata hivyo naamini jina hilo lilitolewa na watu wa vijijini, si wa msituni, maana wachoma mkaa wenyewe wasingeweza kutofautishana kwa kuitana wachoma mkaa.

Mzee alinithibitishia hilo kwa kisa cha Julai 1455, pale Albrecht, mtoto wa mtawala wa Saxony aliyetekwa nyara pamoja na kaka yake katika ngome ya Altenburg, alipookolewa msituni na mchoma mkaa. Masimulizi yanamtaja mwokozi huyo kama Georg Schmidt: mchoma mkaa aitwaye mhunzi! Nami nikamweleza kwamba kwetu jirani mmoja aliitwa Fundi hadi kufa, lakini hakuna mwanawe hata mmoja aliyeandikishwa shule kwa jina hilo.

Jioni alinionyesha nakala alizozikusanya kutoka vitabu vya kanisa. Kabla ya serikali kuanza kuandikisha vizazi na vifo nchini kote mwaka 1876, kila mchungaji aliandika jina kama alivyolisikia, na ukoo uleule ulikuwa Köler, Kohler na Koehler. Mhenga wa mbali kabisa aliyempata, wa karne ya 17, ametajwa kuwa mfumaji wa nguo. Mzee aliamini kwamba mchoma mkaa halisi alikuwa baba au babu wa huyo mfumaji, lakini vitabu vya parokia ile vilivyotangulia viliteketea katika Vita vya Miaka 30, vilivyoikumba Ujerumani kati ya 1618 na 1648.