Kasi ya juu kwenye EJ20: piga hesabu kabla ya kushika spana

Kuchomoka kwenye mataa na kufika kasi ya juu kabisa ni kazi mbili tofauti, na injini iliyoandaliwa kwa ile ya kwanza mara nyingi hufia kwenye ya pili. Anayechomoka huibana injini sekunde kumi halafu anaachia. Anayetafuta kasi ya juu huibana dakika nzima kwenye gia ya mwisho, presha yote ya tabo (turbo, inayosukumia injini hewa), bila kuipa nafasi ya kupoa. Programu ya kompyuta ya injini inayovumilika kwa sekunde kumi inaweza kutoboa pistoni kwa sekunde arobaini. Mfano tutakaoutumia ni Subaru Impreza WRX STI ya bodi ya GDB, ya kati ya 2000 na 2007, yenye injini ya EJ20 ya lita mbili, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye gereji zetu kutoka Nairobi hadi Kampala.

Tuelewane mapema: kikomo cha gari dogo kwenye barabara kuu za Kenya hakizidi kilomita 110 kwa saa. Kazi hii ni ya uwanja uliofungwa au njia ya ndege uliyopewa ruhusa kuitumia.

Kikwazo cha kwanza si cha injini hata kidogo. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yamefungwa kwenye kompyuta yasipite kilomita 180 kwa saa. Ukifika hapo mafuta yanakatwa na gari linasita kana kwamba tangi limekauka. Kufungua kifungo hicho ni kubadili namba moja kwenye programu ya kompyuta ya injini. Yule anayekuuzia "chipu" ndogo ya kuchomeka karibu na sensa ya joto la hewa anakuuzia rezista tu: inaidanganya kompyuta kwamba hewa ni baridi kuliko ilivyo, nayo inawahisha moto wa plagi wakati ambapo ingepaswa kuuchelewesha. Itupe.

Sasa upepo. Nguvu ya kupasua hewa hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi: kasi ikizidi mara mbili, nguvu inayotakiwa inazidi mara nane. Chukua gari la kilo 1,450, ambalo eneo la mbele likizidishwa kwa kipimo cha ukinzani wa hewa linatoa 0.75, kwenye hewa ya usawa wa bahari. Kwa kilomita 180 kwa saa magurudumu yanahitaji kama kilowati 65, pamoja na msuguano wa matairi. Kwa 250 yanahitaji kama 163. Kwa 280 yanahitaji 226. Tukikadiria kwamba gia boksi, shafti na difu zinakula asilimia 20, injini yenyewe inatakiwa itoe farasi 278 kwa kasi ya 250, na farasi 384 kwa kasi ya 280. Yaani kilomita 30 za mwisho zinagharimu farasi zaidi ya mia moja. STI ya Japani iliandikwa farasi 280 kwenye karatasi, kwa hiyo kilomita 250 zimo ndani ya gari likiwa zima na limefunguliwa. Anayetaka 280 anajenga injini nyingine.

Halafu gia. Tairi la 225/45R17 lina mzingo wa kama mita 1.99. Ukiwa na gia ya sita yenye uwiano wa 0.842 na difu ya 3.9, mizunguko 7,000 kwa dakika inakupa kilomita 255 kwa saa, na 8,000 inakupa 291. Ukiwa na gia ya sita ya 0.756 na difu hiyo hiyo, 7,000 inakupa 284. Uwiano hutofautiana kati ya matoleo, kwa hiyo soma namba ya gia boksi yako kabla ya kununua chochote. Unachotaka ni kwamba kasi unayoilenga iangukie pale injini inapotoa nguvu nyingi zaidi. Gia ndefu mno inaiacha injini chini ya kilele chake na gari linagoma kupanda. Fupi mno, unagonga kikomo cha mizunguko huku nguvu bado ipo. Nimeona bajeti nzima zikimwagwa kwenye tabo wakati tatizo lilikuwa hapa.

Kabla ya kuongeza, pima kilichopo

Pima kompresheni ya silinda zote nne, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na kanyagio limebanwa hadi chini. Tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10. Usishtuke namba zikiwa chini kidogo kuliko kitabu kama uko Nairobi, hewa ya kule ni nyepesi. Kinacholinganishwa ni silinda kwa silinda. Kisha fanya kipimo cha uvujaji kwa hewa ya kompresa: chini ya asilimia 10 ni salama, zaidi ya 20 simama. Sikiliza hewa inatokea wapi. Ikitoka kwenye mdomo wa oili ni ringi au pistoni, ikitoka kwenye ekzosi ni valvu, ikitoa mapovu kwenye radiata ni gasketi ya silinda hedi.

Jua pia bloku uliyo nayo. EJ205 ya WRX ya kawaida ina silinda zilizosimama wazi juu, bila kushikwa na ukuta wa bloku. EJ207 ya STI imeshikiliwa sehemu. Kwa farasi 384 za muda mrefu, EJ205 ya kiwandani si msingi wa kujengea. Wenye EJ25 (ya lita 2.5) wana ugonjwa wao unaojulikana: pistoni hupasuka kwenye ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili injini inapogonga, yaani petroli inapojiwasha yenyewe ndani ya silinda.

Fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) uangalie bomba linalonyonya oili. La kiwandani huweza kupasuka kwenye kiungo chake, na likipasuka pampu inanyonya hewa badala ya oili, beringi za koneksheni rodi (mikono ya pistoni) zinakwisha, na dereva hajui lolote mpaka asikie zinagonga. Weka bomba lililoimarishwa na oringi mpya. Ukiwa hapo hapo, tafuta vichujio vidogo vilivyofichwa ndani ya bolti za mabomba ya oili. Kimojawapo kikiziba, tabo inakufa kwa kiu na mabaki ya chuma chake yanarudi kwenye injini. Mkanda wa taimingi usiojulikana umebadilishwa lini, badilisha pamoja na rola na pampu ya maji. Mkanda ukikatika, valvu na pistoni zinakutana.

Mafuta na hewa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Injini ya tabo inayotoa kilowati 283 kwa mchanganyiko mzito inakula kama kilo 102 za petroli kwa saa, yaani lita 137 kwa saa. Gawa kwa injekta nne: sentimita za ujazo 570 kwa dakika kila moja. Injekta isifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, kwa hiyo unahitaji za 670 kwa uchache, na sokoni utaishia kwenye 700 au 750. Pampu ya lita 255 kwa saa inatosha, mradi waya wake wa umeme uwe mnene na uwe na relei yake. Pampu nzuri ikipewa volti 11 inakuwa pampu mbovu. Baadhi ya EJ20 hupokea petroli ubavuni mwa injekta na nyingine juu yake, na haziingiliani. Angalia reli kabla ya kuagiza.

Ukizidisha hizo kilo 102 kwa uwiano wa hewa na mafuta wa 11.3, unapata kama gramu 320 za hewa kwa sekunde. Sensa ya hewa ya kiwandani, ndani ya bomba lake la kawaida, hufika mwisho wa kusoma karibu na gramu 300. Ikishafika mwisho, tabo inaendelea kusukuma hewa lakini kompyuta haioni nyongeza, haitoi petroli zaidi, na mchanganyiko unakuwa mwepesi juu kabisa, pale pale unapokaa muda mrefu. Huu ndio mtego unaoua injini zilizopita vizuri kwenye majaribio mafupi. Dawa ni bomba pana la sensa pamoja na kipimo kipya kwenye programu, au kuhama kwenye mfumo unaokadiria hewa kwa presha na joto. Ukibadilisha bomba bila kubadilisha kipimo, umejidanganya mwenyewe.

Tabo za kiwandani zitakuwa hoi kwa nguvu hii. Chaguo la kawaida ni TD05H yenye gurudumu la 18G au 20G. Mwinuko nao una bei yake. Presha ya hewa Mombasa ni kama bar 1, Nairobi ni kama 0.82. Geji ikisoma 1.2 Mombasa, injini inapata bar 2.2 kamili na tabo inakandamiza hewa mara 2.2. Ukitaka bar 2.2 hizo hizo Nairobi, geji lazima isome kama 1.38 na tabo ikandamize mara 2.7. Gurudumu linazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Kwa hiyo programu iliyoandikwa pwani haipandishwi Nairobi kwa kuongeza presha tu. Faida ni kwamba upepo wa Nairobi nao ni mwepesi kupasua, hivyo unaweza kufika kasi ile ile kwa nguvu pungufu.

Ekzosi ya milimita 76 kuanzia kwenye tabo inasaidia, ila ukiachia ekzosi bila kupanua tundu la westigeti (valvu inayopitisha gesi za ekzosi kando ya tabo ili presha isizidi), presha inaanza kupanda yenyewe juu ya ile uliyoiweka kadiri mizunguko inavyoongezeka. Plagi ziwe baridi kwa hatua moja, yaani namba 7 kwa NGK, na pengo la milimita 0.7. Intakula (kipoza hewa ya tabo) ya juu ya injini hupata hewa nyingi gari likikimbia, lakini kwa mzigo wa dakika nzima nachagua ya mbele. Tabo inachelewa kidogo kuitikia; kwa kazi hii haina neno.

Kama unafungua bloku, pistoni ziwe za kufuliwa (forged). Pengo la ringi ya juu kwa silinda ya milimita 92 liwe karibu 0.50, la pili zaidi kidogo, 0.55. Fundi aliyezoea pengo la kiwandani atakwambia ni kubwa mno. Ringi inatanuka kwa joto. Ncha zikigusana, inavunja ukingo wa pistoni. Nafasi ya beringi za koneksheni iwe kama milimita 0.05, ipimwe kwa vifaa, si kwa kusukuma kwa mkono.

Kutuni

Waya wa Tactrix OpenPort 2.0, unaounganisha gari na laptop, na programu ya RomRaider vinatosha kusoma data za kompyuta za mengi ya magari haya. Ongeza sensa pana ya mchanganyiko kwenye ekzosi, geji ya joto la oili na ya presha ya oili. Usitegemee geji ya dashibodi.

Anza na presha ya springi ya westigeti peke yake, kisha panda kwa 0.1 ya bar. Kila hatua, angalia kama kompyuta inarudisha nyuma moto wa plagi. Ikirudisha digrii 1.4 mara moja pale unapokanyaga ghafla, rudia uone. Ikirudisha mahali pale pale kila safari, injini inagonga kweli: chelewesha moto wa plagi kabla ya kugusa kitu kingine. STI ya Japani iliandikiwa programu ya petroli ya huko, ambayo huuzwa kwa oktani 100. Ya vituo vyetu iko chini ya hapo, na gari lililoshushwa bandarini na programu yake ya Japani linagonga hata kabla hujaligusa. Chelewesha moto wa plagi kulingana na petroli utakayoitumia siku hiyo, si ile nzuri uliyoipata mara moja.

Mchanganyiko kwa mzigo mrefu uwe kati ya 11.0 na 11.3. Watu wa sekunde kumi huenda 11.8 na kupata farasi kadhaa za bure. Hapa petroli ya ziada ndiyo inayopoza pistoni. Joto la ekzosi kabla ya tabo likipita digrii 900 na bado linapanda, umemaliza. Kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari), usiishie kuvuta kutoka 3,000 hadi 7,500. Ishike injini kwenye mizunguko ya kasi unayoilenga kwa sekunde 20, halafu 30, feni kubwa ikipuliza, na uangalie kinachopanda bila kutulia. Presha ya oili isishuke chini ya bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, na joto lake lisipite 130. Oili ijazwe hadi alama ya juu, kwa sababu injini hii ya kulala hushikilia oili nyingi kwenye silinda hedi inapozunguka kwa kasi.

Matairi yasome W, yaani 270, kama unalenga 250, au Y, yaani 300, kama unalenga 280. Tarakimu nne ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi la mtumba la miaka minane si la kasi hiyo hata kama maua yamejaa. Bawa la nyuma liache. Linakula nguvu kidogo, lakini ukilitoa mkia unakuwa mwepesi kwenye 240, na gari halitakuonya.

Baada ya mbio ya kwanza kamili, endesha polepole dakika tano, zima, kisha badilisha oili na ukate chujio lake kwa kifaa cha kukatia kisichomwaga vumbi la chuma ndani. Tandaza karatasi yake juani. Vijisehemu vya rangi ya shaba au fedha vinavyometa ni beringi: usiwashe tena mpaka sampu ishuke.