Bahari Haina Jumatano

Januari ile niliitwa semina ya siku mbili kuhusu ushirikiano wa shule na jamii. Nilirudi na kalamu, daftari na ushauri mmoja: andika barua rasmi, unda kamati, itisha mkutano. Nikaandika. Barua walipelekewa wazazi na watoto wao, mkutano Jumanne saa nne asubuhi. Walikuja wanne, na mmoja alikuwa amesikia kuna unga unagawiwa. Nani hapa Mikindani, Mombasa, ataacha kibarua chake saa nne aje kusikiliza habari za kamati? Tena wazazi tulikuwa tumeshawachosha: leo manila, kesho gundi, kesho kutwa maboksi. Mtoto akifika na barua, mama anauliza "pesa ngapi?" kabla hajaifungua.

Basi tukaamua kupanda mikoko. Hori la Tudor, mkono wa bahari, liko pale chini, Gredi ya Nne wanasoma mazingira, na mgeni rasmi alipatikana, na fulana zake. Miche 200 hivi ilitugharimu elfu kadhaa, siikumbuki hesabu, maana mkokoteni na soda ndivyo vilivyokula zaidi. Tulipanda Jumatano kwa sababu ndiyo siku aliyokuwa na nafasi mgeni. Mistari ilinyooka kama gwaride, kwenye tope tupu la mbele kabisa, pasipokuwa na mti hata mmoja wa kuziba picha. Sikujiuliza kwa nini hapakuwa na mti. Mimi, mwalimu wa sayansi miaka 11, nilipanda mche wangu pamoja na kiriba chake, na nikapigiwa makofi.

Wiki moja baadaye miche ilikuwa ikielea pamoja na ndara zilizokatika. Babu wa mwanafunzi wangu mmoja, mvuvi, alikuwa ameketi ufukoni akishona jarife.

"Mwalimu, mulipanda au mulitupa?"

"Tulipanda, babu."

"Mulipanda maji mafu, mukatia mkandaa mahali pa mlilana. Bamvua imekuja, imebeba. Siku ile mwezi ulikuwa ngapi?"

Nikamwambia ilikuwa Jumatano. Alicheka mpaka sindano ikamwanguka. "Bahari haina Jumatano, mwanangu."

Kwa faida ya wenzangu wa bara: bamvua ni maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu huwa katikati, bahari haijai sana wala haitoki sana. Kati ya aina za mikoko, mlilana ndio huvumilia kukaa mbele, karibu na maji ya kina. Mkoko wenyewe hufuata nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi. Yote hayo babu aliyasema bila kuinua macho kutoka kwenye wavu, na mimi nina cheti.

Kesho yake nilimrudia na wanafunzi wanane, bila barua. Akasema kwanza mjue maji yafika wapi. Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Nani atakwenda kupima saa tisa usiku? Tulijaribu kupaka boriti chaki, umande ukaifuta. Ndipo tukaokota chupa ndogo za maji, 12, ambazo ufukoni kwetu hazijawahi kuadimika, tukazifunga kwenye boriti midomo ikiwa wazi, kila moja juu ya mwenzake kwa shubiri moja. (Shubiri ya nani? Ugomvi huo ulichukua kipindi kizima, na ndicho kipindi bora cha vipimo nilichowahi kufundisha.) Asubuhi unatazama chupa ya juu kabisa yenye maji. Umeshajua bahari ya usiku ilifika wapi, na umelala kwako.

Mwezi wa Mei masika yakatuumbua. Chupa zote 12 zilijaa, watoto wakaandika kwamba bahari imepanda mpaka juu ya boriti. Nilikuwa karibu kuamini. Mvulana mmoja akachovya kidole kwenye chupa ya juu, akalamba: "Mwalimu, haya maji baridi, hayana chumvi, ni ya mvua." Nilimpigia kelele hadi sauti ikanikauka, kwa sababu hori lile linapokea maji ya vyoo, na chupa za chini zilikuwa za hori. Lakini alikuwa amesema kweli. Tokea siku ile tuliziwekea vijipaa vya vifuu, na nikapiga marufuku kulamba.

Mvulana huyo ndiye yule ambaye kwenye ripoti yangu alikuwa "chini ya matarajio" karibu kila mahali. Kumbe kwa kuwa anakwenda madrasa kila jioni, tarehe za mwezi wa Kiislamu anazo kichwani. Alianza kutabiri: "Kesho kutwa mwezi kumi na tano, chupa ya tisa itajaa." Ikajaa ya kumi. Darasa zima likaanza kurudi nyumbani na maswali ya mwezi na maji, na mama zao, waliokuwa hawana jibu, wakawatuma kwa mababu. Mababu wakaanza kuja shuleni wenyewe kubishana na grafu yetu ukutani. Wawili walikuja saa nne asubuhi, siku ya Jumanne. Hakuna aliyewaandikia.

Septemba tulipanda tena, mahali palipoonyeshwa na chupa na babu. Vaeni raba za kufunga kamba, ndara zitabaki topeni. Mpaka tunafunga shule zaidi ya nusu ya miche ilikuwa imesimama.

Juzi wale wa semina wameniletea fomu ya ripoti. Penye "mdau mkuu" nimeandika babu, cheo: mvuvi. Ikarudishwa, haina jina la taasisi. Nikashuka ufukoni kumuuliza taasisi yake.

"Andika: ngalawa."