Jioni za Masika Kigoma: Jinsi Nilivyopata Mapumziko kwa Chemsha Bongo

Hapa Kigoma mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba, na huendelea kwa kupumua kidogo kidogo hadi kuingia mwezi wa Mei. Katika miezi hiyo jioni zetu ni za ndani. Mawingu yakishafunga milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kila nyumba huanua nguo kambani na kuingiza jiko la mkaa chini ya paa, na kuanzia hapo hakuna tena habari ya kukaa barazani kwa jirani wala ya kushuka hadi ufukwe wa Kibirizi kutafuta migebuka, samaki wa ziwa letu. Watu wa Ulaya ya Kaskazini wana majira yao ya baridi, ambapo mjini London, kwa mfano, jua la Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni, na familia hukaa mezani kwa saa nyingi zikiunganisha vipande vya picha au kujaza mafumbo ya maneno. Sisi jua letu huzama karibu saa moja mwaka mzima. Kinachotufungia ndani ni maji na radi. Hata hivyo haja ni ileile: kuipata njia ya kupumzika nyumbani wakati mlango hauwezi kufunguliwa, na ndiyo haja niliyoishughulikia kwa misimu kadhaa hadi nikaridhika.

Kazi yangu ni kuandaa nyaraka za mizigo inayopita bandarini kwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie. Ni kazi ya kusubiri kuliko ilivyo ya kufanya: unasubiri sahihi, unasubiri meli, unasubiri lori lililokwama njiani kwa sababu ya tope. Ninapofika nyumbani Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma, mwili haujachoka sana, lakini kichwa bado kinahesabu magunia ya saruji. Runinga haikunisaidia. Tamthilia nyingi zimejaa ugomvi na vilio, na taarifa ya habari huongeza mashaka juu ya mashaka niliyokuja nayo. Isitoshe, radi zikianza huwa tunachomoa runinga na king'amuzi ukutani, na mara nyingi umeme hutangulia kukatika kabla hatujachomoa. Kwa hiyo nilijiwekea sharti moja: burudani ya masika lazima iweze kuendelea kwa taa ya sola, huku mvua ikipiga bati kiasi cha kutosikia hata redio.

Nilianza na sudoku, na hadi leo ndiyo nguzo ya jioni zangu. Kwa asiyeijua, ni mraba wenye visanduku 81, tisa kwa tisa, uliogawanywa katika maboksi tisa madogo. Kila mstari wa kulala, kila safu ya kusimama na kila boksi lazima liwe na namba 1 hadi 9 bila kurudia. Hakuna kujumlisha wala kutoa, jambo ambalo huwashangaza wengi wanaoikimbia wakidhani ni hisabati. Aliyeibuni katika sura yake ya sasa, Howard Garns, alikuwa msanifu majengo wa Marekani aliyekwisha kustaafu, na gazeti la chemsha bongo la huko liliichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Wajapani ndio walioipa jina hili mwaka 1984 na kuieneza. Mimi naona mkono wa msanifu majengo humo ndani, kwa sababu kila namba hukaa mahali pake kwa kushikiliwa na nyingine, na ukiweka moja kwa kubahatisha, kuta zote hupinda.

Naomba nieleze kipande kimoja ili ionekane utulivu wenyewe unatoka wapi. Jana mstari wa tano ulikuwa umebakiwa na visanduku viwili vitupu, kimoja katika boksi la kushoto na kingine katika boksi la kulia, na namba zilizokosekana zilikuwa 3 na 8. Kwa kutazama mstari peke yake huwezi kujua ipi ikae wapi. Nilishuka kwa macho ndani ya boksi la kulia nikaiona 8 imekwisha kukaa pembeni chini. Basi 8 yangu haikuwa na pa kwenda ila kushoto, na 3 ikabaki kulia bila ubishi. Dakika ile ambayo jicho linatafuta, hakuna nafasi kichwani ya kuwaza lori lililokwama. Na tofauti kubwa na kazi yangu ni kwamba hapa kila kinachohitajika kimo ndani ya karatasi. Simsubiri mtu yeyote anipigie simu ndipo nijue jibu.

Karatasi nazipata kwenye duka moja la steshenari karibu na soko la Mwanga, ambako kijana hunichapia kurasa kutoka kwenye intaneti, mafumbo manne kwa ukurasa ili karatasi isipotee bure. Nilimwomba asinichapie yale magumu kwa ajili ya siku za kazi. Wanahisabati wa Dublin walithibitisha mwaka 2012, kwa msaada wa kompyuta, kwamba fumbo lenye jibu moja tu haliwezi kuanza na namba chini ya 17, na mafumbo yenye namba 17 tu yapo. Lakini yanamfaa mtu aliyeamka asubuhi ya Jumapili akiwa na akili mpya. Baada ya kazi, fumbo lenye namba thelathini na zaidi za kuanzia linatosha kabisa. Kuhusu hili nina msimamo: anayetafuta mapumziko achague fumbo analoweza kulimaliza kabla ya usingizi kumjia, kwa maana lisilokwisha hulala naye kitandani. Tumia penseli na kifutio, na uandike namba ndogo kwenye pembe ya kisanduku pale unapokuwa na chaguo mbili.

Kwa watoto nilihitaji kitu cha mikono. Nilisoma kwamba John Spilsbury, mchongaji na mchora ramani wa London, alibandika ramani kwenye ubao katika miaka ya 1760 na kuikata kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuzirudisha nchi mahali pake. Nikaona hilo linawezekana kabisa sebuleni kwetu. Tulichora Ziwa Tanganyika kwenye karatasi kubwa, tukaibandika kwa gundi kwenye boksi gumu la mafuta ya kupikia, tukaiweka chini ya godoro ikauke bila kujikunja, kisha mume wangu akaikata kwa wembe juu ya ubao. Ziwa hili linagawanywa na nchi nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na urefu wake unakaribia kilomita 670, hivyo vipande vya maji vilikuwa vingi na vyote vya buluu. Ndipo binti yangu alipogundua mwenyewe kwamba asianze na maji. Aanze na miji ya pwani, kwanza Bujumbura huku juu, Kalemie upande wa pili, Mpulungu kule chini kabisa, halafu maji yajazwe katikati kwa kufuata umbo la ukingo. Nilifurahi sana, si kwa sababu ya jiografia tu, bali kwa sababu miji ninayoiandika mchana kutwa kwenye nyaraka ilikuwa imegeuka mchezo mikononi mwake, na akaniuliza, "Mama, meli yako inapita hapa au hapa?"

Boksi huchakaa. Unyevu wa masika hulifanya livimbe pembeni, na vipande vilivyokuwa vikikaa vizuri mwezi wa Novemba huanza kugoma mwezi wa Machi. Tumejifunza kuvihifadhi kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko na kupaka gundi nyembamba juu ya picha ili isinyonye maji.

Baba mkwe wangu, ambaye huhamia kwetu kutoka Ujiji mvua zinapozidi, hakupendezwa na namba zangu. Yeye ni mtu wa bao. Alikuja na ubao wake wenye mashimo 32 na kete 64, ambazo kwake ni vijiwe laini vya ufukweni, na kwa heshima yake sebule ikapata burudani nyingine. Nilikuwa nikiijua namna rahisi tu, ile ya kuanza na kete mbili mbili kila shimo. Yeye alinifundisha bao kamili: kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita zikiwa katika shimo maalumu liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 zilizobaki hukaa mkononi. Katika hatua ya namua unaingiza kete moja kwa kila zamu, na ukikuta shimo lako lenye kete linatazamana na la mwenzako lenye kete, unakula na kuzipanda kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Zikiishia kwenye shimo tupu, zimelala, na zamu imekwisha. Kete za mkononi zikimalizika, mchezo huingia mtaji, na hapo ndipo akili inapofanya kazi kwelikweli, kwa sababu zamu moja inaweza kuzunguka ubao mara kadhaa.

Usiku wa kwanza niliweka kidole juu ya mashimo kuhesabu zitakapolala. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kidole kinamwambia mwenzako unachowaza. Hesabu kwa macho." Tangu hapo tunacheza kimya, yeye na kikombe chake cha chai ya tangawizi, mimi na karanga kwenye kisahani. Huwa simfungi, na sitegemei kumfunga karibuni. Ninachokithamini ni kwamba bao linanipumzisha kwa namna ambayo sudoku haiwezi: linanikalisha na mtu. Sudoku huondoa fujo kichwani, lakini haimwondolei mzee upweke, na nyumba iliyofungwa na mvua ina watu zaidi ya mmoja wanaohitaji kupumzika.

Vitendawili ndivyo vinavyotuunganisha sote wakati taa imepungua nguvu na macho hayawezi tena kusoma. Mtoto mdogo hutega vya zamani, popoo mbili zavuka mto, na sote hujifanya tunafikiri kabla ya kujibu kwamba ni macho. Babu yake hutega vyake, na tukishindwa humpa mji. Tumeanza pia kuwataka watoto watunge vipya kutokana na vitu vilivyomo ndani ya nyumba, na zoezi hilo lina kazi zaidi kuliko kujibu, maana mtunzi lazima akitazame kitu hadi aone sura yake nyingine. Kumbikumbi walipovamia taa baada ya mvua ya kwanza, mmoja wa watoto alisema, "Mgeni wangu amevua koti mlangoni." Hakuna aliyekijua, na mbawa zilikuwa zimetapakaa sakafuni mbele yetu.

Michezo ya simu nimeijaribu na nina maoni yangu. Ile ya vitalu vinavyoanguka, ambayo chimbuko lake ni Tetris iliyotungwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow katika miaka ya 1980, ni mchezo wa akili ya hali ya juu na siudharau. Lakini kasi yake huongezeka kadiri unavyoendelea, na mwisho wake ni kushindwa. Mwili hukaza mabega badala ya kuyalegeza. Zaidi ya hayo, simu ndiyo mlango ambao wateja wa Bujumbura huingilia. Nilikubaliana na ofisi kwamba baada ya saa mbili usiku jambo la dharura lipigiwe simu, lisiandikwe ujumbe, na simu yenyewe huwekwa juu ya kabati ikiwa na sauti. Katika msimu mzima ni mara chache sana imelia, na hilo limenithibitishia kwamba ujumbe mwingi wa usiku ulikuwa unaweza kusubiri asubuhi.

Mafumbo ya maneno ndiyo ninayoyatamani zaidi na kuyapata kwa shida zaidi, kwa kuwa ya Kiswahili yaliyochapishwa ni machache. Kwa hiyo nimeanza kuyatunga mwenyewe kwa ajili ya watu wa nyumbani. Fumbo la kwanza la aina hiyo lilichapishwa na Arthur Wynne katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, kwa umbo la almasi, na nilipolifuata umbo hilo niliona kwamba lugha yetu ina masharti yake. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, basi ncha za mistari hujaa A, I na U, na mjazaji hubahatisha mwisho kabla ya mwanzo. Dawa niliyoipata ni kuyakutanisha maneno kwenye konsonanti za katikati, na kutumia majina ya mahali na vitu vya hapa kama Uvinza, Kasulu, mawese na dagaa, ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyatolea fununu.

Ratiba yetu sasa imetulia. Chakula huliwa mapema, saa moja na nusu. Watoto hupata ramani au vitendawili hadi saa tatu. Baada ya hapo ni bao, na kabla ya kulala ni fumbo moja la namba, peke yangu. Siku ambazo radi ni kali na watoto wanaogopa, tunaacha utaratibu huo na kukaa wote kwenye mkeka mmoja. Mwalimu mmoja wa jirani, ambaye mvua ilimnasa kwetu jioni moja akakuta bao limeshika moto, ameomba nakala za mafumbo yangu kwa ajili ya nyumba yake. Nimempa zile nyepesi, pamoja na penseli, na nimemwomba anitungie fununu za maneno ya kilimo, ambayo mimi yananishinda.