Siku kesi ya watu 214 ilipoondolewa mahakamani

Nilikuwa na mwaka wa pili tu tangu niapishwe uwakili. Wakaja ofisini watu watatu na kaunta buku, ndani yake majina 214 ya wakazi wa mtaa wao, wanaojua kuandika wamesaini na wengine wameweka dole gumba, wino wa zambarau umevuja mpaka ukurasa wa pili. Kiwanda kilikuwa kinamwaga maji machafu mtoni na mto ndo huo huo wanaochota.

Mimi kichwani nilikuwa na kesi ya Mchungaji Mtikila tu, ile hukumu ya Jaji Lugakingira ya 1994 kwamba Ibara ya 26(2) ya Katiba ya Tanzania inamruhusu mtu yeyote kwenda kuitetea Katiba na sheria za nchi hata kama yeye binafsi hajaguswa. Tena Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo imempa kila mtu haki ya kushtaki kwa ajili ya mazingira safi. Nikasema hii ni kesi ya maslahi ya umma, nani atatuzuia. Nikaandika hati ya madai, wadai watatu kwa niaba yao na wenzao 211, nikaomba kiwanda kizuiwe na kila kaya ilipwe fidia, tukalipia, muhuri ukagongwa.

Wakili wa kiwanda akaja na pingamizi la awali, yaani la kuizuia kesi kabla haijasikilizwa, hoja moja tu: ruhusa ya Amri ya 1 kanuni ya 8 iko wapi? Maana kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai ukitaka kudai kwa niaba ya wengi unaanza na chemba samansi, yaani maombi ya maandishi, pamoja na kiapo, mahakama ikiridhia ndo ufungue kesi, na wenzako wote wapewe taarifa. Nikasimama nikajibu maslahi ya umma, maslahi ya umma. Jaji akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza taratibu kabisa, "Wakili, na fidia ya kila kaya ni ya umma?"

Nilikosa jibu. Kuzuia sumu isiingie mtoni, hilo ni la kila mtu hata wa mtaa wa mbali, ila hela ya mahindi ya fulani yaliyokauka ni ya fulani, inataka jina lake, ushahidi wake na ridhaa yake, na mimi nilikuwa nimevichanganya vyote kwenye hati moja. Kesi ikaondolewa.

Kwenye korido mama mmoja aliyekuwa amekaa tangu asubuhi akanishika mkono, "Kwa hiyo mwanangu tumeshindwa?" Nikamwambia hapana mama, imeondolewa, haijatupwa, tunaweza kurudi. Akauliza, sasa mbona hukutuambia mapema kama kuna ruhusa ya kuombwa? Hilo swali liliniuma kuliko la jaji.

Baadaye njia ya Katiba yenyewe nayo ilibanwa, marekebisho ya 2020 yalitaka ukipeleka shauri la haki za msingi kiapo kionyeshe wewe binafsi umeathirika vipi, na mimi niliona hapo wanyonge walifungiwa mlango ambao Lugakingira aliufungua.

Sisi tulirudi mtaani na ile kaunta buku, tukakaa chini ya mti jumamosi nzima, jina kwa jina, nani anadai fidia na nani anataka mto tu. Yule mama alipofikiwa akatafuta dole lake kwenye ukurasa, akaliwekea kidole, akasema andika mto.