Randi Tano

Wapendwa wanajumuiya, Tumsifu Yesu Kristo.

Tarehe 1 Februari Kanisa linamkumbuka Mwenyeheri Benedict Daswa wa Afrika Kusini, mwalimu, mume wa mke mmoja, baba wa watoto wanane. Sisi wa Sumbawanga, mji ambao jina lake lenyewe ni agizo la kutupa uchawi, tungepaswa kumjua kuliko wengine.

Alizaliwa 16 Juni 1946 kijijini Mbahe, Limpopo. Wazazi wake walimwita Tshimangadzo, yaani muujiza kwa Kivenda. Jina la Benedict alilichukua alipobatizwa mwaka 1963, akilikumbuka jina la Mtakatifu Benedikto, yule abate aliyewataka wamonaki wake wasali na wafanye kazi. Baba yake alipofariki kwa ajali, yeye kifungua mimba akawabeba wadogo zake na kuwahimiza shule. Baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi Nweli, na mwanafunzi aliyekosa ada alimpa kibarua katika bustani yake ya mboga ili aipate kwa jasho lake.

Lakini ninachotaka tukae nacho wiki hii ni nepi.

Mwalimu Daswa alikuwa anafua nepi za wanawe. Aliwaogesha watoto, alibeba kuni, alimsaidia mkewe Eveline kazi ambazo mwanaume wa kijijini kwao hakutakiwa hata kuonekana amezisogelea. Wanaume wenzake walimcheka. Huku kwetu tungesema kalishwa limbwata, tena tungesema kwa sauti ili asikie. Yeye akaanika nepi zake, jioni akakaa na watoto wakasali. Vijana wa timu ya mpira walipotaka dawa ya mganga ili washinde, alikataa pia, akaondoka na wachache akaanza timu nyingine. Wanaojua mambo ya kamati za ufundi kwenye soka letu, zile za kutafuta waganga, wataelewa uzito wa hilo.

Januari 1990 mvua zilikuwa kali na radi zikapiga. Tarehe 25 nyumba za nyasi ziliungua. Siku tatu baadaye, Jumapili, mkuu wa kijiji akaitisha kikao: radi imetumwa na mtu, atafutwe mganga wa kumfichua, na kila mmoja achange randi tano. Daswa alifika wakiwa wameshaamua. Akawaeleza kwamba radi ni nguvu ya asili, kwamba mtu akishatajwa na mganga atauawa bila kosa, na kwamba imani yake haimruhusu kutoa hata senti kwa kazi hiyo. Wakambembeleza. Akakataa.

Hapa naomba niseme la nyumbani kwetu. Nilikuwa na umri wa miaka kama tisa walipokuja kamchape, wale wanaodai kufichua wachawi, kijijini. Sebuleni tulikuwa na kitambaa alichokidarizi mama kwa uzi mwekundu: "Mimi na nyumba yangu tutamtumikia BWANA." Chini ya kitambaa hicho nilimwona baba, Mungu amrehemu, akitoa noti kwenye mfuko wa shati, akaikunjua kwa kidole gumba juu ya meza, akampa mjumbe. Usiku huo akatuongoza rozari kama kawaida. Baba yangu hakuwa mnafiki. Alikuwa mtu mwema aliyeogopa, kwa sababu sote tunaijua hesabu ya mchango ule: asiyetoa ndiye mchawi. Wiki ile kamchape walimtoa bibi mmoja mjane nyumbani kwake, jirani yetu wa kisimani. Hakurudi tena kijijini. Sijui noti ya baba ilinunua nini hasa, lakini nimeibeba mpaka leo.

Ndiyo maana nairudia hii ya nepi. Randi tano hazikumshinda mwalimu mkuu. Kilichokuwa kigumu ni kubaki peke yake katikati ya wanaume wote wa kijiji, macho yote kwake. Naamini aliweza kwa sababu alikuwa ameshazoea. Miaka mingi walikuwa wamemcheka kwa mambo ya nyumbani kwake, na bado Eveline alikuwa mkewe na Mungu alikuwa Mungu wake. Ujasiri wa kile kikao aliujengea kwenye beseni la kufulia.

Ijumaa tarehe 2 Februari 1990, Rais F. W. de Klerk alitangaza bungeni Cape Town kwamba Nelson Mandela angeachiwa huru. Siku hiyohiyo Daswa alikuwa amempeleka shemeji yake kwa daktari mjini Thohoyandou. Jioni, wakati wa kurudi, akamhurumia mtu aliyebeba mfuko wa unga, akampeleka kwa gari mpaka kijiji cha jirani. Aliporudi peke yake alikuta magogo yamelazwa barabarani. Aliposhuka kuyatoa wakatokea watu wenye mawe. Alikimbia damu zikimtoka, akavuka uwanja wa mpira, akajificha katika kibanda cha mama mmoja. Wakamtishia mama yule kwamba watamuua asipomtoa. Daswa alisali kwa sauti akiiweka roho yake mikononi mwa Mungu, wakampiga rungu la kichwa, kisha wakammwagia maji ya moto. Alikuwa na miaka 43.

Mapadre walioongoza misa ya mazishi walivaa mavazi mekundu, rangi ya mashahidi. Kanisa lilikuja kukiri hivyohivyo 13 Septemba 2015, alipotangazwa mwenyeheri huko Tshitanini, mama yake mzazi, mwenye zaidi ya miaka 90, akiwepo.

Jumatano tutakutana kwangu. Naomba tumtaje katika nia zetu, tumtaje na yule bibi wa kisimani. Na akina baba, msiwaachie mama zetu peke yao kuongoza sala. Njooni na watoto.

Tumtaje na Eveline pia. Usiku ule alikuwa mjamzito. Mtoto wao wa nane alizaliwa miezi minne baadaye, na nepi za huyo, baba yake hakuzifua.